Kipupwe cha Uluguru na Pumzi za Watoto

Mwenyeji wa Unguja au wa Pemba afikapo Mlali mwezi wa Julai kwa mara ya kwanza, jambo analolijutia mapema ni koti aliloliacha nyumbani. Ameupita mji wa Morogoro, ameiacha njia kuu ya Iringa pale Sangasanga, na ameingia barabara ielekeayo Mgeta. Milima ya Uluguru imesimama mkono wake wa kushoto, vichwa vyake vimefunikwa na wingu tangu alfajiri, na hewa inayoteremka kutoka huko asubuhi haina hata chembe ya joto la pwani. Mlali penyewe pako chini ya milima, na ifikapo adhuhuri jua hurudi na watu huvua masweta. Lakini mgeni huyo akiendelea kupanda hadi Langali, Nyandira na Tchenzema, kwenye mashamba ya kabichi, viazi, karoti na njegere zinazoliwa Dar es Salaam, ataona kwamba kila mita mia moja za mwinuko humpunguzia kiasi cha nusu digrii ya joto au zaidi. Usiku wa huko si usiku wa kulala na shuka moja.

Na upepo unaoleta hali hiyo si mgeni kwetu sisi watu wa visiwani. Ni kusi yule yule ambaye manahodha wetu wamemjua tangu enzi za mababu. Huvuka bahari, hupita juu ya visiwa akituachia manyunyu ya mchoo, huingia bara, na anapokutana na ukuta wa Uluguru hulazimika kupanda. Anapopanda hupoa na kumwaga mvua upande wa mashariki. Upande wa magharibi, ulipo Mlali, humfikia akiwa amekwisha kutua mzigo wake. Ndiyo maana mvua huko ni chache kuliko za upande wa pili wa mlima huo huo, na miezi ya mwisho ya kiangazi vumbi huwa jingi. Kwa hiyo tunapoandika habari za Mlali katika safu hii tusidhaniwe kwamba tumekwenda mbali na mambo ya nyumbani.

Kipupwe kinapotanda, vifua huanza kulalamika. Ukimwuliza bibi yeyote wa Uluguru kwa nini mjukuu wake anakohoa, atakujibu pasipo kusita kwamba ni baridi. Na bibi wa Makunduchi au wa Wete atakupa jibu hilo hilo, ila yeye atalitaja kusi. Hatuna nia ya kuwabishia wazee. Macho yao yameona majira mengi kuliko yetu, na wanachokiona ni kweli: kuna miezi ya kukohoa na kuna miezi ya kupumzika. Tatizo liko katika neno moja tu. Baridi haina viini. Mtoto aliyekaa peke yake mlimani pasipo kukutana na mtu hapati homa ya mapafu kwa sababu ya ubaridi wa hewa. Liko jambo jingine kati ya baridi na ugonjwa, na jambo hilo ndilo linaloweza kuzuiwa, ilhali kipupwe hakizuiliki.

Homa ya mapafu, ambayo wengine huiita kichomi na waganga wa hospitali huiita nimonia, huletwa na viini vya namna nyingi. Miongoni mwa bakteria, mkubwa wao ni pneumokoki. Ajabu ya kiumbe huyu ni kwamba hana haja ya kuja kutoka popote. Hukaa puani na kooni mwa watoto wazima wa afya, wanaocheza na kula vizuri, mwaka mzima, na katika nchi zetu ni wengi mno wanaombeba pasipo kujua. Yeye ni mpangaji aliyekwisha kuingia ndani ya nyumba na kukaa barazani kwa utulivu. Swali la msingi basi si lini bakteria anafika. Tuulize ni lini mlango wa ndani unaachwa wazi, akateremka mapafuni.

Mlango huo ni utando laini unaofunika njia ya hewa. Juu yake mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga makasia usiku na mchana vikisukuma uchafu na viini kuelekea juu, vimezwe au vitemwe. Hewa kavu na baridi huvipunguzia kasi. Moshi huvilemaza. Lakini anayevivunja hasa ni virusi: virusi vya homa ya mafua, na virusi vingine vinavyowashambulia watoto wachanga kila mwaka vikaziba vijia vyao vya hewa. Virusi hubomoa utando, na bakteria aliyekuwa akingoja barazani hupita juu ya kifusi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika janga la homa ya mafua la mwaka 1918, lililoufikia ulimwengu mzima, nchi zetu zikiwamo. Wataalamu waliochunguza upya tishu za waliokufa wakati ule, na maandishi ya madaktari wa siku zile, wamekubaliana kwamba wengi wao waliuawa na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya mafua.

Sasa turudi katika nyumba ya mlimani. Saa kumi na mbili jioni jua limezama nyuma, ukungu umeshuka, na mama anawasha moto wa kuni katikati ya mafiga. Katika nyumba nyingi za namna hii jiko na chumba cha kulala vimetengwa na ukuta usiofika darini, au havikutengwa kabisa. Miezi ya joto mama hupikia nje, au huuacha mlango wazi na dirisha wazi. Kipupwe hubadili desturi hiyo: dirisha huzibwa kwa gunia, mlango hufungwa mapema, na moto hauzimwi baada ya ugali kuiva, maana sasa ndio blanketi la nyumba nzima. Watoto watano hulala kuuzunguka. Mdogo kuliko wote, aliye dhaifu kuliko wote, hupewa nafasi ya heshima karibu na makaa, au hubaki mgongoni mwa mama wakati wote anapopuliza kuni mbichi. Kila mmoja anavuta pumzi aliyoitoa mwenzake, ikiwa imechanganyika na moshi. Mkubwa akirudi kutoka shuleni na mafua Jumatatu, nyumba nzima inayo Alhamisi. Hapo ndipo baridi inapofanya kazi yake. Haimgusi mtoto kwa mkono wake yenyewe, bali huwakusanya watu na kuwafungia.

Haya si mawazo ya mwandishi aliyekaa mezani. Katika miaka ya 1980 wilayani Bagamoyo, ambako kwa jahazi si mbali na Unguja, ulifanywa mradi ambao kwa maoni yetu haukumbukwi kama unavyostahili. Wahudumu wa afya wa vijijini, watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi, walipita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha akina mama dalili za nimonia, wakimtazama mtoto anavyopumua, na pale ilipobidi wakimpa kotrimoksazoli, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la septrini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986: vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika vijiji vilivyohudumiwa vilipungua kwa zaidi ya robo ndani ya miaka miwili. Kutokana na kazi hiyo hiyo, wachunguzi walipowalinganisha watoto waliokufa na waliobaki hai waligundua pia kwamba mtoto aliyelala katika chumba kinachopikiwa alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa nimonia. Na Bagamoyo ni pwani, kwenye joto. Msomaji na akadirie mwenyewe hali ya kijiji cha mlimani, ambako moto hauwashwi kwa chakula tu.

Hata hivyo hapana budi kuonya: asiwepo afisa wa kuichukua kalenda ya Mlali na kuibandika ukutani kila mahali. Majira hayafanyi kazi moja kila nchi. Ulaya na Marekani ya Kaskazini maradhi ya pneumokoki hupanda katika miezi ya Desemba, Januari na Februari, ambayo ni miezi ya theluji. Katika ukanda wa Afrika unaotoka Senegali hadi Ethiopia, homa ya uti wa mgongo, ambayo viini vyake navyo hukaa kooni, hulipuka wakati wa kiangazi, pepo kavu za jangwani zinapojaza vumbi puani mwa watu, na hutulia mvua za kwanza zinaponyesha. Tena tazameni Kilifi, ndugu zetu wa mwambao wa Kenya, ambako watafiti wamewafuatilia watoto kwa miaka mingi. Virusi vikuu vya vifua vya watoto wachanga huko huanza wimbi lake mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, yaani wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na watu wakilala barazani. Anayesubiri baridi ndipo ajitayarishe atakuwa amechelewa miezi sita.

Kilifi hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa vituo vya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 7 za Afrika na Asia, na kutolewa mwaka 2019. Kwa watoto wasiokuwa na virusi vya UKIMWI ambao picha za eksirei zilithibitisha nimonia, virusi vilihesabiwa kuwa chanzo cha kiasi cha asilimia 61, na bakteria asilimia 27. Hesabu hiyo isitufanye tuwadharau bakteria. Wao ndio wenye dawa. Mtoto wa nimonia ya bakteria aliyepata amoksilini mapema hupona, na aliyeikosa anaweza kufa usiku ule ule, ilhali mtoto wa virusi dawa hiyo haimsaidii chochote. Mganga wa zahanati, mwenye saa ya mkononi na foleni ya akina mama arubaini, ndiye anayetakiwa kuwapambanua.

Na majira humzidishia ugumu. Mvua za masika huacha mbu, na malaria hufuata nyuma ya mvua kwa majuma kadhaa, hivi kwamba mwisho wa malaria na mwanzo wa kipupwe hupandana katika miezi ya Mei, Juni na Julai. Mtoto mwenye homa kali anayetweta mwezi wa Juni anaweza kuwa na malaria, au nimonia, au vyote viwili. Kwa miaka mingi nchini mwetu homa ilikuwa na jina moja tu. Kisha mwaka 2008, katika hospitali za Dar es Salaam na Ifakara, huko huko mkoani Morogoro, walichunguzwa watoto 1,005 waliokuja na homa. Malaria ilionekana kwa kiasi cha mmoja katika kila kumi. Asilimia 62 walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, na katika hayo ni asilimia 5 tu yaliyothibitishwa kwa eksirei kuwa nimonia.

Sisi wa visiwani tulipata funzo letu wenyewe. Malaria imepungua sana Unguja na Pemba tangu miaka ya 2000, jambo ambalo tunayo haki ya kujivunia, lakini homa hazikupungua kwa kiasi hicho, na mkono wa mganga uliozoea kutoa dawa ya malaria ulitafuta dawa nyingine ya kutoa. Huko Kivunge, kaskazini ya Unguja, mwaka 2011 kati ya Aprili na Julai, walichunguzwa watoto 677 wenye homa. Karibu robo tatu yao walipewa viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria. Walioonekana baadaye kuwa walizihitaji hasa ni kama mmoja katika watano. Hatumlaumu mganga aliye peke yake wakati wa masika, mama akimwangalia usoni. Lakini bakteria wanaopigwa kila siku kwa dawa isiyowahusu huizoea, na siku itakapohitajika kweli itakuwa maji matupu.

Iko njaa pia, ambayo watu wa mijini huisahau wanapohesabu majira. Ghala la mahindi huwa tupu kabla ya mavuno ya masika; mtoto anaingia katika miezi ya kukohoa akiwa amepungua uzito. Na iko barabara. Mvua kubwa zinapoteremsha udongo wa mlima, njia za magari ya mboga huzibwa, na njia hizo ndizo za mgonjwa. Nimonia ya mtoto mchanga huhesabiwa kwa saa. Kifo kinachoandikwa kuwa cha mapafu mara nyingine kilikuwa cha tope.

Katika kukata tamaa huko mtoto hupelekwa kwa mkata kimeo. Desturi hii ipo Morogoro, ipo pwani, na tusijifiche, ipo hata kwa watu waliosoma. Mtoto akikohoa muda mrefu husemwa kwamba kimeo kimerefuka, na hukatwa kwa chombo kisichochemshwa. Wapo waliotokwa damu hadi kufa. Kikohozi chenyewe hakikutoka kwenye kimeo, bali chini yake kabisa, ambako kisu hakifiki.

Serikali zetu mbili hazikukaa bure. Mpango wa chanjo ulianza mwaka 1975, na kwa sababu yake dondakoo na kifaduro, ambavyo wazee wetu walivijua kwa makaburi, vimekuwa maneno ambayo vijana huyauliza maana. Chanjo dhidi ya bakteria wa Hib iliongezwa mwaka 2009, na ile ya pneumokoki ikaanza kutolewa mwaka 2013. Mtoto huipata akiwa na majuma 6, 10 na 14. Kenya ilitangulia mwaka 2011, na huko Kilifi maradhi makali ya pneumokoki wa aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano kwa asilimia 92. Hata hivyo katika dunia nzima mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa umri huo, sawa na asilimia 14 ya vifo vyao vyote. Chanjo huziba baadhi ya aina za pneumokoki, nao wana aina nyingi. Moshi haina chanjo.

Hapa tunapenda kuwageukia waheshimiwa maofisa, ambao tunajua husoma safu hii wakinywa chai ya saa nne. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni na kufunguliwa tarehe 1 Julai. Kila aliyewahi kufanya kazi katika wilaya anajua maana yake: mwezi wa Juni fungu limekwisha, na mwezi wa Julai fungu jipya bado halijafika. Kwa bahati mbaya isiyopangwa na mtu, pengo hilo limeangukia katikati ya kipupwe. Zahanati ya mlimani ikiagiza amoksilini yake kwa mgawo ulio sawa kila robo mwaka, itakuwa na makopo yaliyojaa mwezi wa Februari, na rafu tupu mwezi wa saba. Hatuombi fedha zaidi; tunaomba zitangulie. Agizo la dawa za vifua lipelekwe kabla masika hayajakata barabara, si baada yake.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika, wa vuli, na hata wa msimu wa kipupwe, ukieleza joto na upepo utakavyokuwa. Utabiri huo husomwa na wakulima na wavuvi. Je, husomwa na waganga wakuu wa wilaya? Katika Muungano wetu utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano, lakini afya si jambo la Muungano. Anga ni moja, vifua vina wizara mbili. Hatuoni kwa nini karatasi moja isiweze kwenda kwenye wizara zote mbili siku moja, Dodoma na Unguja, na kutoka hapo kushuka hadi Mlali na hadi Micheweni, ikiwa imeandikwa pembeni yake maneno machache juu ya dawa, chanjo zilizobaki nyuma, na barabara zitakazofungwa.

Na nyumbani, kazi si ya serikali. Ukuta wa jiko kutengwa na chumba cha watoto ni kazi ya fundi wa kijiji kwa siku mbili. Tundu la moshi juu ya mafiga halihitaji kibali. Baba anayejenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa fedha za nyanya na kabichi, akaweka bati jipya na kusahau dirisha la jikoni, ameongeza heshima yake mbele za majirani na amewaongezea wanawe moshi, maana bati halipitishi moshi kama nyasi zilivyokuwa zikiupitisha.

Mama naye anaweza kujifunza kazi ile ile waliyoifanya wahudumu wa Bagamoyo. Mtoto awe ametulia, hanyonyi wala halii. Nguo ipandishwe, kifua kionekane, na pumzi zihesabiwe kwa dakika moja nzima, si nusu dakika kisha kuzidisha. Kwa mtoto asiyefika miezi miwili, pumzi 60 au zaidi. Wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, 40 au zaidi: huyo anatweta, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, au amelegea hata haamki, asingojewe kupambazuka.

Simu za mkononi zilizojaa Mlali na Mgeta zote zina saa.